Kanisa Letu Si Ghala

Kwako Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako limepoa, au bado unalikanda kwa maji ya moto huku ukilitukana? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Fransisko anakohoa kidogo, watoto wanakula mpaka naogopa. Barua yako ameifikisha Mama Zuhura, yule muuza vitenge anayevuka Ruvuma, na hii pia atakuja nayo yeye. Umeandika, "Rudi Masasi, mwanangu, waachie gesi yao." Mama, sirudi. Ngoja nikueleze kwanza, kisha ukasirike.

Unajua kijiji chetu kinahamishiwa Quitunda, kijiji kipya kilichojengwa na kampuni, kwa sababu ya hiyo gesi. Kila jengo linaandikwa kwenye orodha, na lisiloandikwa vizuri halitajengwa tena huko. Karani wa orodha alifika kwenye kanisa letu la udongo wiki ya mavuno. Tulikuwa tumeshaleta malimbuko, mihogo mikavu imejaa mpaka altareni, chakula cha wazee wasiojiweza. Funguo ninazo mimi. Akachungulia, akaniuliza mnaweka nini humu. Nami kwa kiherehere changu, nikimwita mkubwa kama wanavyoita huku, nikajibu, "Chakula, chefe! Tele!" Akaandika ghala. Baadaye tukaambiwa ghala halijengwi upya, watu watatunza chakula majumbani mwao.

Kosa ni la mdomo wangu, sikatai. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachoka kulia, nikapandwa na hasira.

Juzi karani alirudi na karatasi, nisaini mimi mwenye funguo. Nikamwambia sisaini, lile ni kanisa.

"Basi, mama, nioneshe mali ya igreja," akasema. "Sanamu iko wapi? Kengele iko wapi?"

Kengele yetu ni ringi ya gari, Mama, na sanamu hatuna. Hapo nikamkumbuka somo wangu, Mtakatifu Laurenti, uliyenipa jina lake. Katika kile kitabu chako cha watakatifu, mtawala alimdai hazina ya Kanisa, naye akamletea maskini. Nikamwambia karani asubiri.

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Nikamleta Bibi Valeria, kipofu aliyetufundisha sala, nikamleta mzee wa mguu mmoja, na mjane mwenye pacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Wote wanaokula ile mihogo wakajipanga juani. "Mali ya kanisa ndiyo hii," nikasema. "Andika."

Karani akacheka. Akasema watu wana orodha yao. Ndipo Mzee Saidi, jirani yetu, aliyekuwa anatoka msikitini, akaja kusimama upande wetu.

"Chefe, mie Mwislamu," akamwambia. "Kila Jumapili hawa wananigongea hilo liringi lao na kuimba humo ndani, nikisharudi kuswali alfajiri silali tena. Wewe ushaona wapi mihogo ikaimba?"

Hata Bibi Valeria alicheka. Karani akalikata neno ghala. Lakini kanisa hakuandika, aliacha pengo, akasema atajaza ofisini, nisaini tu. Nikamwambia ajaze kwanza. Akakunja uso. Akasema nisiposaini, ufunguo wa nyumba yetu mpya tusiutarajie, na tena mimi ni mtu wa kuja, naweza kurudishwa kwetu Tanzania. Fransisko anasema nisaini yaishe. Naogopa, Mama, sitakudanganya. Lakini jina langu haliwi chini ya pengo.

Kesho kutwa anarudi. Wazee wamesema watajipanga tena, na Mzee Saidi ameahidi kuja na wanawe.

Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi anayepamba kanisa, mwambie huku hatuna maua ila tuna mihogo. Kaka mkubwa mwambie aache kusema kwamba niliolewa mbali.

Umeandika pia kwamba sijui kushindana na wakubwa kunaishia wapi. Mama, tulipokuwa wadogo ulikuwa unakifunga kitabu pale pale maskini wanapofika mbele ya mtawala, ukatuambia tusali. Hukutaka tuogope. Lakini ukienda kisimani nilikuwa nakitoa chini ya mto wako, nikausoma ukurasa uliobaki. Tangu nikiwa na miaka minane najua kwamba somo wangu walimchoma moto. Na jina hili sikuwahi kukuomba unibadilishie.

Niombee,

Mwanao, Laurensia