Cucu Amerudi Mezani

Makongeni,
Thika.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Anko Githae,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa moyo wote. Hamjambo huko Halifax? Baridi imeanza kuuma au bado mnaota jua? Na ule mgongo uliokusumbua tangu uinue mizigo ghalani, umepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Anko Kinuthia na Anti Ciku ni wazima pia, na nyumba yao ya Ruiru, wanakoishi na mama yenu, Cucu wangu, iko vilevile, ila majirani wamejenga ghorofa kila upande mpaka nguo zinachelewa kukauka.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Kwa simu tunakatizana, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Usishtuke, Cucu yuko salama.

Kwanza masomo, maana wewe ndiye uliyenisukuma niache kazi ya kupima juisi kiwandani nikasomee shahada ya pili ya lishe. Madarasa yamekwisha. Sasa niko hospitalini hapa Thika kwa mafunzo ya kazi, chini ya Bi. Naliaka, mtaalamu wa lishe wa miaka mingi. Asubuhi tunapita wodini kitanda kwa kitanda. Kuna wanaolishwa kwa mrija, kuna walioungua, kuna mama anayesafishwa damu kwa mashine ambaye hata ndizi anaiogopa, maana figo zake hazimudu madini yake. Nikitoka hapa nitafanya mtihani wa bodi, na nikipita nitasajiliwa nami niitwe mtaalamu. Cucu huniita daktari wa chakula. Nimechoka kumsahihisha.

Nikitoka kazini huwa napita pale tulipokaa zamani. Nyumba ina wapangaji wengine, na mlango wameupaka rangi ya bluu. Lakini upepo ukitoka upande wa viwanda bado unaleta harufu ya mananasi, na nikiisikia tu, namwona Cucu akirudi kutoka kiwanda cha nguo na nyuzi za pamba kwenye nywele. Unakumbuka? Mama yangu akiwasha jiko, mimi nikitoa pamba kwenye kitambaa cha Cucu, na wewe na Anko Kinuthia, wanaume wazima wenye ndevu, mkigombania ukoko wa sufuria mpaka Cucu anawatisha na mwiko huku anacheka. Hakuna aliyekula kabla wote hawajaketi. Ukichelewa shifti, tulikungoja, hata mukimo upoe.

Hata wiki ile tulipomzika Mama, nawe ulikuwa umeshaenda ng'ambo ukashindwa kuja, Cucu alisimama akapika. Alituketisha, akasema, "Kuleni. Yeye hangetaka mlale njaa." Tukala tukilia.

Ndiyo maana naelewa hofu yako mwaka jana, Cucu alipopatikana na ugonjwa wa sukari. Ulikuwa umempoteza dada yako ukiwa mbali, na hukutaka kumpoteza mama vilevile. Ukasema asile ugali, asile viazi vitamu, nduma, githeri, wala matunda. Ukatuma makopo ya ule unga wa kukoroga na kunywa badala ya mlo. Anti Ciku alikutii kwa kila neno. Alimpikia Cucu sufuria yake kando, na kila siku akakutumia picha ya sahani.

Lakini Anko, picha ilionyesha sahani tu. Haikuonyesha kwamba Cucu alikuwa anaibeba hadi jikoni na kuketi kwenye kigoda, kwa sababu hakuweza kutazama wengine wakila. Nguo zake zilianza kumning'inia. Tukimuuliza, anasema ni uzee.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, Anti Ciku alimkuta ameanguka karibu na tangi la maji. Alikuwa analowa jasho, maneno yanamponyoka, na alimwita Anti Ciku kwa jina la mama yangu. Walimkimbiza kwenye kliniki ya karibu. Sukari haikuwa imepanda, Anko. Ilikuwa imeshuka sana. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake, na tumboni hamkuwa na chakula. Ulipopiga simu jioni ile akakwambia ni kizunguzungu kidogo, alikuwa ametukataza kusema lolote. Ati ungelia mbali nasi kwenye nchi ya watu. Sasa amenikubalia nikwambie.

Nilimleta Thika kwa Bi. Naliaka, ambaye hakutaka mimi nimhudumie mtu wa damu yangu. Niliketi pembeni tu, mikono mapajani.

"Mama, jana ulikula nini?" Bi. Naliaka akamuuliza.

"Kabeji. Na unga wa Githae."

"Ulikula na nani?"

Cucu akatazama dirishani. "Na paka," akasema.

Nilitaka kucheka, nikajikuta natafuta leso. Bi. Naliaka hakucheka. Cucu akaendelea kwa sauti ndogo, "Nilikuwa napikia watu wangu wote. Siku hizi napikiwa kama mgeni asiyetakiwa, na nyumba ni ya mtoto wangu."

Anko, nimesoma vitabu vinene juu ya sukari, lakini sikuwa nimefikiria kumuuliza mgonjwa swali hilo. Nitaliuliza maisha yangu yote.

Daktari alipunguza vidonge. Bi. Naliaka naye alimfundisha Cucu na Anti Ciku pamoja: mboga za kienyeji zijaze nusu ya sahani, githeri yenye maharagwe mengi, ugali kidogo, kiazi kitamu cha kuchemsha kisichozidi ngumi yake, tunda, na asikae na njaa akishameza dawa. Na chakula kiwe cha nyumba nzima. Anko Kinuthia alinung'unika kuhusu ugali wake, lakini kitambi chake hakikumpa hoja. Sasa Ruiru kuna sufuria moja.

Laiti ungekuwepo ile Jumapili ya kwanza! Cucu aliketi mezani, akamega kiazi chake, akakishika kama mtu anayengoja kukamatwa. Akala. Kisha akaonja mboga, akauliza, "Nani amekata terere hivi, kama ya ng'ombe?" Anti Ciku alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kugombezwa.

Kila wiki Anti Ciku humpima, na sukari imetulia. Nguo zimeanza kumkaa mwilini. Ameanza tena kwenda kanisani kwa miguu, na anarudi na habari za kila mtu.

Kwa hivyo nakuomba, usitume makopo mengine. Na uchukue muda umpigie Anti Ciku umpe neno zuri, maana anajilaumu bure. Wala nawe usijilaumu. Ulifanya ulichojua, kwa sababu unampenda.

Jana nilikwenda Ruiru, nikamwambia Cucu nakuandikia, nikamuuliza kama ana ujumbe. Alikuwa anachambua mboga za managu. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie akinipigia, asianze kwa kuniuliza sukari ni ngapi. Kwanza anisalimie 'wakia maitu,' vile mtoto anamsalimia mama yake. Mambo ya sukari nitamwambia baadaye."

Wasalimie sana Anti Mumo na ndugu yangu mdogo Gachau. Anko Kinuthia, Anti Ciku na Cucu wote wanawasalimu. Mungu awalinde mkitoka na mkiingia, na atujalie tuonane tukiwa wote hai.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye sana,

Tabby