Binti Yetu Anaomba Jumamosi Ifutwe

Oddrun mpendwa, miaka yote nimekuwa nikisoma ukurasa wako wa ushauri gazetini nikicheka shida za wenzangu, leo nimekuja na yangu na sicheki, naomba unishike mkono. Majina ninayotumia si yetu, maana bonde letu ni dogo na watu wa huku wanajua hata rangi ya soksi za jirani.

Tuna binti wa miaka saba, tumwite Tiril, na mdogo wake wa kiume, na mume wangu tumwite Torgeir. Majira ya baridi ya mwaka juzi Tiril alianza kuamka amekakamaa, anashuka ngazi kwa makalio, kijiko kinamponyoka, na sisi tukasema ni mchezo wa skii, alianguka kwenye theluji, itapita, mpaka goti likavimba likawa duara kama mkate, na hospitali wakatuambia ni baridi yabisi ya watoto, yaani kinga ya mwili wake mwenyewe imegeuka kuvishambulia viungo vyake. Mimi nilidhani huo ni ugonjwa wa wazee. Walimchoma dawa ndani ya goti, kisha wakamwanzishia methotrexate, ile sindano ya manjano ya mara moja kwa wiki, ambayo tunamchoma wenyewe nyumbani.

Na kabla sijalalamika naomba uelewe kwamba nashukuru, nashukuru kweli. Mwaka jana kwenye maandamano ya watoto ya sikukuu ya taifa, Mei kumi na saba, tulimsukuma kwenye kigari, amevaa vazi la bonde letu, anapunga bendera huku analia kwa kuwa wenzake wanatembea, na mwaka huu alitembea njia nzima akipiga kelele za hura mpaka sauti ikakauka. Na Pasaka alipanda kwa skii zake mwenyewe mpaka kwenye kibanda chetu cha mlimani, baba yake akivuta nyuma yake sleji, kigari cha kuteleza kwenye theluji, tuliyobeba ili akichoka akae, na hakukaa, sleji ilifika tupu, na Torgeir, ambaye sikumwona akilia hata kwenye mazishi ya baba yake, aliegemea ukuta wa kibanda akawa anamenya chungwa huku machozi yanamtoka. Dawa ndiyo iliyofanya hayo, najua.

Sasa shida yenyewe. Tulipopewa sindano tuliambiwa tuchague siku, na sisi kwa akili zetu tukachagua Jumamosi, kwa sababu kwa desturi ya huku watoto wetu hawali peremende siku nyingine, tukasema achomwe asubuhi kisha apewe mfuko wake wa peremende, uchungu na utamu viende pamoja. Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Kisha dawa ikaanza kumchafua moyo, akawa anatapika, na anachotapika ndicho kile kilichotoka mfukoni, na sasa Oddrun mtoto wangu hawezi hata kuziona peremende. Akisikia mfuko unachakarisha anaziba mdomo. Tukienda dukani anabaki nje na mbwa wa watu. Rafiki yake alimwalika kwenye sherehe ya kuzaliwa akakataa, akasema kutakuwa na harufu. Ijumaa jioni, tukiwa tunakula taco, zile chapati za Kimeksiko zenye nyama, kama kila nyumba, tayari ameshika tumbo, na Jumamosi anaingia chini ya kitanda, Torgeir anamvuta, anamshika miguu, mimi nachoma, na mdogo wake anakula peremende za watu wawili. Juzi aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, hatuwezi kuifuta Jumamosi? Tutoke Ijumaa twende Jumapili moja kwa moja. Miguu yangu imeshapona, sasa mnaniumiza tumbo."

Torgeir aliposikia hayo akasema basi. "Mtoto anaruka kama mbuzi, sisi tunamtia sumu ya nini? Tupumzike kiangazi hiki tu. Ugonjwa ukirudi, tunaanza tena." Nikamwambia tumuulize daktari. "Daktari atasema tuendelee, unafikiri atasema nini?" Mama yake Torgeir, Eldbjørg, akaja na chupa ya mafuta ya ini la samaki akaitua mezani kama mtu aliyemaliza kesi. "Sisi tulikunywa haya kila asubuhi," akasema, "na si mnatuona tulivyo." Torgeir akamwambia, "Mama, wewe una goti la chuma." Lakini chupa hakumrudishia.

Jumamosi iliyopita hatukumchoma. Haya, nimesema. Alikaa mezani na nguo za kulalia, akala chapati za maji na jamu, akaimba, na mimi nilikuwa na furaha kubwa mpaka nikaiogopa. Jumamosi nyingine inakuja, sindano iko juu ya kabati, Torgeir hasemi kitu na mimi sisemi.

Daktari aliwahi kututajia dawa nyingine, hizi mpya za kibayolojia, nazo pia ni za sindano, lakini nilisoma kwamba zinashusha kinga na mtoto anaweza kupata maambukizi mabaya, nikamjibu kwamba hatuzihitaji. Na mwezi Machi alipotuuliza sindano zinaendaje, tumekaa wote wawili mbele yake, tulijibu kwa pamoja, "Zinaenda vizuri." Sijui kwa nini. Ni mtu mwema, alimponya mtoto wetu, sikutaka atuone hatuna shukrani. Sasa niambie, niendelee na ile ya manjano, nikubali hiyo mpya, au nimfuate Torgeir?

Mama wa bondeni

*

Mama wa bondeni,

Jibu hili nalituma kwanza kwenye anwani uliyoniachia, ndipo lichapishwe, kwa sababu Jumamosi yenu haiwezi kungoja gazeti. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya lile chungwa, mara ya pili nikakasirika. Tuanze na hasira ili tuimalize.

"Zinaenda vizuri." Hivi nani alitufundisha neno hili? Mtu wa nchi hii akifukiwa na theluji mpaka shingoni, ukimuuliza hali atakwambia si mbaya, asante. Kwa jirani hiyo ni adabu. Kwa daktari wa mtoto ni uongo, mama, na yule daktari aliuamini uongo wenu akapanga matibabu juu yake. Laiti mngemwambia mwezi Machi kwamba binti yenu anajificha chini ya kitanda, pengine Mei hii angekuwa amekwenda kwenye sherehe ya rafiki yake. Unasema hukutaka kuonekana huna shukrani. Yule daktari hangojei shukrani zako. Anangoja habari za mgonjwa wake, na mwenye habari hizo ni wewe.

Hasira imeisha. Sasa tukae tuzungumze.

Mimi si daktari, kwa hiyo niliwauliza wanaojua, bila kutaja bonde wala goti la mtu. Wakaniambia kwamba kinachompata Tiril si deko wala utundu. Watoto wengi wanaochomwa dawa hii huanza kuchafukwa moyo hata kabla ya sindano, kwa rangi, kwa harufu, kwa siku yenyewe, na ninyi kwa mapenzi mkaifunga na kitu alichokipenda kuliko vyote. Ni kosa ambalo mzazi wa nchi nyingine asingeweza kulifanya, kwani mtoto wake anakula peremende hata Jumanne. Usijichape kwa hilo. Mlitaka kumtuliza, nami ningefanya vilevile.

Ila mambo haya yana tiba. Siku inaweza kubadilishwa, na saa pia. Kuna dawa za kutuliza kichefuchefu, kuna vitamini inayotolewa kupunguza madhara, kuna manesi wanaojua kucheza na mtoto mpaka sindano ipite. Na kama yote hayo hayakusaidia, hiyo ni sababu tosha ya kuzungumzia dawa nyingine, wala hamhitaji goti livimbe tena ndipo mruhusiwe kulalamika. Lakini daktari hawezi kuwafungulia mlango ambao hajui kwamba mnaugonga.

Kwa Torgeir na kiangazi chake cha kupumzika, jibu langu ni hapana. Mtoto anaruka kama mbuzi kwa sababu dawa imeukalia ugonjwa. Ikiondoka, ugonjwa unaweza kulala, unaweza kuamka, na ukiamka hauji lazima kwa kuvimba goti ili mwone. Unaweza kuingia jichoni bila wekundu na bila maumivu, mtoto anacheza huku jicho linaharibika, ndiyo maana wanawaita kwa kipimo cha macho hata akiwa mzima, na kipimo hicho msikiruke hata kimoja. "Ugonjwa ukirudi, tunaanza tena" linasikika vizuri, ila kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudishwi kwa kuanza tena. Siku ya kuacha dawa inaweza kufika, watoto wengi huifikia, lakini huifikia pamoja na daktari, baada ya muda mrefu wa utulivu, huku wakiangaliwa. Haifiki kwa baba na mama kunyamaziana jikoni.

Na wewe unayeiogopa dawa mpya, hofu yako si ya kipumbavu. Inashusha kinga, ni kweli. Hata hiyo ya manjano inagusa kinga, umeizoea tu. Peleka hofu hiyo kwa daktari kama ilivyo, muulize tufanye nini akipata homa, vipi chanjo zake, mtamchunguza nini kabla ya kuanza, na kama atachomwa moja tu au zote mbili pamoja. Ukishajibiwa ndipo ukubali au ukatae. Mara ile ulikataa kabla hujauliza. Wala usinitake mimi nikuchagulie dawa kwenye gazeti ambalo kesho watu watawashia nalo jiko.

Mafuta ya Eldbjørg mnaweza kuyanywa, mradi daktari ajue. Kutibu baridi yabisi hayawezi, na mwenye goti la chuma ni shahidi. Mpe kazi nyingine bibi huyo, amchukue mdogo wa kiume siku ya sindano, ili Tiril asitapike mbele ya mtu anayetafuna sehemu yake. Peremende na sindano visikutane tena, si siku moja, si chumba kimoja. Atazirudia au hatazirudia. Na yeye mwenyewe msimfiche neno. Mtoto aliyebuni wiki ya siku sita ana akili ya kuulizwa. Mwambie kwamba siku ile alipokula chapati mlikosea ninyi na si yeye, achague siku, achague paja, aseme nani amkumbatie.

Sasa nikwambie kwa nini nililia. Nilipokuwa shuleni nilikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Borghild. Alikuwa na ugonjwa huuhuu. Walimpeleka hospitali ya mbali majira mazima ya baridi, akarudi magoti yamepinda, na Mei kumi na saba tulipita mbele ya nyumba yao tukipunga bendera, naye anatupungia dirishani. Kila mwaka dirishani. Wazazi wake hawakuwahi kugombana kuhusu dawa ipi, hakukuwa na dawa ya kugombania. Ninyi mnayo moja iliyomtembeza na nyingine inayowangoja, mna mtu wa kumuuliza, na ugomvi wenu huo, mama, ungekuwa sherehe katika nyumba ya Borghild. Endelea kushukuru. Shukuru kwa sauti, kisha lalamika kwa sauti ileile.

Limebaki jambo moja, na nadhani hulioni kwa kuwa uko karibu mno. Barua nzima umemwandika Torgeir kama mkaidi. Mimi nimeona mtu mwingine. Wewe Jumamosi unatazama sindano, yeye anatazama uso. Wewe una kazi ya kitabibu mikononi, yeye kazi yake ni kumvuta binti yake kutoka chini ya kitanda na kumbana miguu, miguu ileile aliyoililia mlimani. Kila wiki. Sidhani amechoka na dawa. Amechoka kuwa ndiye anayemkamata, na hajapata mtu wa kumwambia, kwa sababu kwenu mambo yanaenda vizuri.

Basi kesho asubuhi pigeni simu hospitali, msingoje Jumamosi ifike. Semeni mmeruka sindano moja, mwulize mfanye nini na hii inayokuja, na mfanye hivyo hasa watakavyosema. Kaeni wawili. Nesi akipokea na kuuliza mtoto anaendeleaje, mpe Torgeir simu, kisha wewe nyamaza mpaka amalize, hata kama itachukua muda kabla hajaanza.

Oddrun