Uangalie Mkono Kwanza

Mjukuu wangu Mwanasha,

Nakusalimu sana. Sisi huku Msambweni tu wazima, na bibi yako mkubwa goti limetulia.

Eti unaona darasa lenu la udaktari, la kuwahudumia wanaotumia unga wa kulevya, ni kupoteza wakati? Lo!

Miaka ya tisini ikiisha, nikiwa msichana mwenye haya, nilimpeleka kaka yangu hospitali. Mkono aliokuwa akijidunga sindano za unga ulikuwa umevimba, umefungwa kitambaa. Tulipokewa na mwanafunzi wa udaktari, mgeni kutoka ng'ambo asiyejua Kiswahili, nami nikawa mkalimani kwa Kiingereza changu cha shule.

"Mwambie aache."

Kaka akacheka. "Mwambie mimi huacha kila asubuhi. Mkono je?"

"Mwambie atakufa."

"Hilo mama ashaniambia!"

Kaka akainuka aende zake na usaha wake. Hapo hasira ikaishinda haya yangu. Nikamwambia yule mgeni, "Daktari, mkono wenyewe hujauona."

Akavuta kiti, akakifungua kitambaa polepole. Kaka akaketi. Alipokwisha kusafishwa, akaninong'oneza, "Hebu muulize, kesho yupo?"

Nenda darasani, mwanangu.

Bibi yako mdogo,
Mwanasiti