Mji Usio na Mifupa

Akrotiri, Santorini
3 Juni 1969

Mwanangu Zannis,

Hujambo huko Melbourne? Mimi sijambo, magoti tu yananisumbua. Nimepata kibarua cha kubeba majivu pale wanapofukua mji wa kale. Profesa anayetusimamia anasema volkano iliufukia, na huenda ndio chanzo cha ile hadithi ya nchi iliyomezwa na bahari kwa siku moja. Pelagia wa mkahawani ananicheka: "Mzee, umekosa kazi mpaka unafukua wazee wenzako?" Lakini ajabu, tumepata nyumba, mitungi, hata shayiri, mfupa wa mtu hata mmoja hatujaona.

Mwezi wa tisa mama yako anatimiza miaka mitatu kaburini. Kama ilivyo desturi yetu, tutamfukua, tuoshe mifupa yake kwa divai, tuiweke sandukuni. Njoo umwoshe, mwanangu. Huna ndugu mwingine wa kukusaidia.

Baba yako


Melbourne
20 Julai 1969

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, baridi tu. Nisikudanganye, kiwandani ruhusa ningepata. Lakini siku ile ya tetemeko, mwaka hamsini na sita, niliruka dirishani nikamwacha mama ndani, ukuta ukamvunja mguu. Alichechemea mpaka kufa. Nitaushikaje mguu ule? Nakufa kwa aibu, baba.

Hao watu wa kale walikimbilia wapi?

Mwanao


Akrotiri
18 Agosti 1969

Mwanangu,

Afya yangu ni ile ile. Barua yako niliisoma siku ya sikukuu ya Bikira Maria, nikalia mbele za watu.

Walikokimbilia hakuna ajuaye. Ila jana tumekuta vitanda vimetolewa nje, juu ya kifusi, na nyundo za mawe kando. Profesa anasema tetemeko lilitangulia, watu wakakimbia, kisha wengine wakarudi kutengeneza nyumba zao kabla mlima haujalipuka. Walirudi, Zannis.

Na aliyekupigia kelele "Ruka" ni mama yako mwenyewe. Umesahau? Padri amekubali kusubiri hadi mwisho wa Oktoba.

Baba yako


Akrotiri
2 Novemba 1969

Zannis,

Sijui kama u mzima. Kila meli ilipokuja nilikuwa bandarini.

Jana padri alisema hawezi kusubiri tena. Nimemwosha peke yangu, Pelagia akishika bakuli la divai. Mguu nimeushika mimi. Uliunga vibaya, kweli, lakini uliunga, na aliutembelea miaka kumi. Sasa yuko safi ndani ya sanduku lake, hakudai kitu.

Mimi nina miaka sabini na saba. Padri ameniuliza ni nani atakayeniosha, aandike jina kabisa. Aandike lako?

Baba yako