Nifanye Kazi Chini ya Niliyemfundisha?

Mpendwa Bi Loretta, nakuomba unisaidie kabla mke wangu hajanitoa nje pamoja na sofa, maana nilikuwa kocha wa mashambulizi wa timu ya kulipwa hapa Ohio, mpira huu wetu wa Kimarekani wa kofia ngumu, na msimu ulipokwisha kocha mkuu aliniita akanishukuru kwa mchango wangu, na mtu akikushukuru hivyo jua kadi yako ya mlangoni imeshafungwa, kosa lenyewe ni kwamba kila Jumamosi mimi huandika mbinu kumi na tano za kuanzia mechi na huzifuata kwa mpangilio liwalo na liwe, sasa mechi ya mwisho theluji ilifunika hata mistari ya uwanja, karatasi ikasema pasi ndefu, tukarusha, wapinzani wakadaka, ikasema tena pasi ndefu, wakadaka tena, kabla ya ile ya tatu mrushaji wetu akaja akaniuliza, "Kocha, umechungulia nje leo?" nami nikamwambia arudi akarushe.

Wiki sita sasa, aliyenipigia ni mmoja tu, Brett Haugen, msaidizi wangu wa miaka minne niliyekuwa nikimkatiza kila kikao, leo yeye ndiye kocha wa mashambulizi kwingine na anataka niwafundishe wadakaji wake, mbinu apange yeye, jibu Ijumaa, Renee wangu anasema nikubali, mimi naona timu kubwa itaniita, je, nisubiri?

Dale, Akron

Pole, Dale. Niliandika habari za michezo miaka ishirini na miwili, nimeaga makocha wengi kuliko padri wa mazishi. Kufukuzwa si aibu katika kazi yenu. Ni likizo isiyo na tarehe. Lakini nafasi hujazwa Januari, na leo tuko katikati ya Februari. Timu kubwa haikuiti. Haijapoteza namba yako.

Theluji usiisingizie. Pasi ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, ya pili ukaidi, ya tatu ulikuwa umeshaonywa. Kila mwenye timu ameiona video ya mechi hiyo.

Brett naye ameiona, tena amekuvumilia miaka minne, na bado amepiga simu. Huo ndio mustakabali wako wote, bwana, na unamsubirisha mpaka Ijumaa?

Mpigie leo. Usiulize cheo wala kama ofisi ina dirisha. Akikupa mbinu usiyoipenda, ifundishe kana kwamba umeizaa. Na kabla hujafika, jifungie garini useme "Sawa, kocha" mpaka maneno hayo yaache kukukwama kooni.