Hisa Zetu za Sahihi Mbili

Mtaa wa Dallas,
Embu.
9 Aprili 2025

Kwako dada yangu Leylo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani huko Moyale, wewe na Abdimajid, na mtoto Ayan ambaye bado sijambeba? Mimi ni mzima, ila goti la baba linamsumbua kila mvua ikinyesha kule Nkubu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikikutumia maneno ishirini unanijibu kwa kidole gumba, nami sijui kama kidole hicho kinacheka au kimechoka.

Habari yenyewe ni kwamba hisa zimeshuka, si zetu tu bali soko zima. Jumamosi nilienda Meru kumwona Muthamia, wakala wetu, nikamkuta peke yake ofisini akitafuna mahindi ya kuchoma. Aliniambia watu wanakimbilia kuuza, kwa hiyo wenye subira wanunue sasa, na kwamba pesa zilizolala katika akaunti yetu ya pamoja zitanunua hisa nyingi kuliko Januari. Akataka kujua tumechagua zipi.

Kama kawaida yetu, nilianza kwa kufuta. Benki nikazifuta kwa ajili yako, kwa sababu ya riba. Bia nikaifuta kwa ajili ya kanisa langu, na sigara kwa ajili yetu sote. Muthamia akacheka, akasema tunachagua hisa kama mashangazi wanaomtafutia msichana mume: huyu anakunywa, huyu ana madeni, mwishowe msichana anazeekea jikoni. Nikampigia baba kumuuliza kuhusu majani chai. Alinijibu kwamba yeye amekuwa mwanahisa wa majani chai kwa mgongo wake tangu ujana, na gawio lake ni hilo goti. Zikabaki simu, umeme na saruji.

Hapo nikakwama, kwa maana wewe ndiye uliyekuwa ukikata shauri. Nimetazama shajara yangu: mara ya mwisho tulichagua Februari 2023, chumbani kwa mama yako Majengo, mlango ukiwa wazi na muuza nyama akibishana na mteja kuhusu mifupa. Mimi nilikuwa nasoma hesabu za kampuni, nawe ukanikatiza ukiuliza kama sisi wenyewe tunakitumia kitu hicho. Ukasema saruji hatununui mpaka mmoja wetu ajenge angalau banda la kuku. Sasa nina banda la kuku, Leylo, na sijui kama linatosha.

Tangu uhamie Moyale sijachagua kitu. Nikiwa Meru hupita Majengo kununua nyama nisiyoihitaji, ili mama yako anione. Jumamosi hiyo aliniita kwa jina lako, akajirekebisha, tukacheka.

Kuna jambo nimekuficha. Mwaka jana uliponiuliza kama ni lazima uje ndipo tununue, nilikuambia ndiyo, eti wanataka sahihi zote mbili mbele ya wakala. Si kweli. Muthamia alikuwa amenipa fomu ambayo ukiitia sahihi hukohuko, mimi naweza kununua na kuuza peke yangu. Niliiweka kabatini. Mama yangu alipozikwa ulituma mchango na pole ndefu, nami nikaelewa, ulikuwa na mimba ya Ayan. Lakini baada ya hapo niliona hakuna sababu nyingine iliyobaki ya kukuleta huku isipokuwa hisa, nami nikaing'ang'ania.

Fomu hiyo nimeikunja ndani ya barua hii. Ukiirudisha ikiwa na sahihi yako, nitanunua, na sitakulaumu. Lakini kama utaweza kuja mvua ikiisha, nitakungoja. Muthamia ameshanionya kwamba kufikia wakati huo bei zitakuwa zimepanda. Nimemwambia zipande.

Nisalimie Abdimajid, mwambie sikuibi, nakuazima siku mbili tu. Mbusu Ayan kwenye mashavu yote mawili, umwambie ni mabusu ya shangazi wa Embu.

Ni mimi uliyekaa naye dawati moja,
Kathure