Barua Nane Nilizofuta

Same,
14 Agosti 2003

Mdogo wangu Clemence,

Huku sote wazima. Mama ameshuka kutoka kijijini Mamba na magunia ya tangawizi yaliyokosa mnunuzi, analilaumu soko huria kama vile ni jirani yake. Kila siku anakuulizia. Namwambia huko Durban kazi zimekubana.

Bado nasimamia lile duka la intaneti. Virusi viliua kompyuta mbili mwezi wa tano, fundi akaja kutufundisha: barua pepe ya mtu usiyemjua, ya Kiingereza, yenye haraka na kiambatisho, futa bila kufungua, kisha mwaga pipa la taka la kompyuta, isirudi tena. Nimekuwa hodari, hata mwenye duka ananisifu.

Wiki iliyopita ziliingia saba kutoka anwani nisiyoijua, vichwa vyake vyote vikiomba msaada wa haraka kwa Kiingereza. Nilizifuta. Jumamosi ikaja ya nane, anwani ileile, kichwa chake: "Dada Lukia fungua." Kidole kimeshazoea. Nilipokuja kuelewa nilichosoma, pipa nilikuwa nimeshalimwaga.

Tangu hapo kimya.

Clemence, kama ulikuwa wewe, hiyo ni anwani ya nani? Yako imekwenda wapi?

Naituma hii kwa posta, kwenye namba ya sanduku uliyotuachia. Mama sijamwambia. Siku hizi nafungua kila barua inayoingia, hata yenye kiambatisho. Kompyuta ya tatu imeanza kujizima yenyewe. Nafungua tu.

Dada yako,
Lukia